Pakeji ya "Karthala na Ngazidja nzima kwa siku moja" ni ulaghai, na tunataka fedha zetu

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, ila nitajitahidi hasira hiyo isivuruge maelezo. Kuna wakala wa utalii hapa Dar es Salaam, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa madai yetu bado yapo mezani kwake, anayeuza safari ya Komoro. Kivutio kikubwa cha safari hiyo ni siku moja ambayo, kwa mujibu wa tangazo lake, mteja huzunguka kisiwa cha Ngazidja kwa gari, kisha hupanda mlima Karthala hadi ukingo wa kasoko, na jioni huwa ameshaketi Moroni akila samaki. Tulilipa kila senti kabla ya kuondoka, tukaahidiwa mwongozaji mzoefu, chakula na maji ya kutosha.

Mtu yeyote aliyewahi kufika kule anajua kwamba ratiba hiyo haitekelezeki, na nina hakika wakala naye anajua. Karthala una urefu wa mita 2,361, na kwa kuwa kisiwa chenyewe ni mlima ulioota kutoka baharini, mpandaji huanzia chini sana. Wapandaji wengi hutumia siku mbili na kulala kwenye mahema huko juu. Wale wachache wenye miguu imara wanaopanda na kushuka siku hiyo hiyo huondoka kabla ya alfajiri, na siku hiyo hawafanyi jambo jingine lolote. Tena huu ni mlima wa volkano ulio hai: mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, na mlipuko wa Novemba ulimwaga majivu yaliyochafua matangi ya maji ya mvua ambayo vijiji vingi huyategemea. Ngazidja haina mito, ingawa miteremko ya magharibi hupata mvua nyingi mno, kwa sababu mawe yake ya volkano yana matundu na maji yote huzama ardhini. Kwa hiyo suala la maji ya kunywa mlimani si la kufanyia mzaha, na anayempeleka mgeni huko bila maji anacheza na uhai wake.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Gari lililoahidiwa kutufuata alfajiri lilifika jua likiwa limeshapanda, na dereva, mtu mpole ambaye sina ugomvi naye, akatueleza kwamba alikuwa amepigiwa simu usiku uliopita tu. Tukaelekea kaskazini kupitia Hahaya, ambako barabara inakata katikati ya lava nyeusi iliyoganda hadi baharini, tukapita Mitsamiouli kwa kasi, kisha tukasimama kwenye Ziwa la Chumvi kwa muda usiotosha hata kupiga picha kwa utulivu. Ziwa hilo limo ndani ya kasoko ya zamani, hatua chache tu kutoka baharini, na wenyeji wana simulizi ya kijiji kilichozamishwa humo kwa sababu watu wake walimnyima mgeni maji. Simulizi hiyo nilisimuliwa na mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni, kwa Kingazidja alichokilainisha ili nimwelewe. Mwongozaji wa kutusimulia hakuwapo. Baada ya hapo gari liligeuzwa na kurudi njia ile ile tuliyojia. Pwani ya mashariki hatukuiona, Chomoni hatukuiona, na kusini hatukufika Singani, kijiji ambacho sehemu yake ilifunikwa na lava mwaka 1977 na ambacho mimi binafsi ndicho nilichokuwa nakitamani kuliko vyote. Hivyo ndivyo "kisiwa kizima" kilivyozungukwa.

Tulifika Mvouni, kijiji kilicho juu ya Moroni, baada ya adhuhuri, saa ambayo Karthala kwa kawaida umeshajifunika mawingu. Hapo tukakabidhiwa kwa kijana aliyevaa malapa, mwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na chupa ndogo za maji, moja kwa kila mtu, pamoja na mikate mikavu. Nilipomuuliza amefika kileleni mara ngapi, alinijibu kwa ukweli ambao wakala hakuwa nao, kwamba ameambiwa atembee nasi mpaka tutakapochoka, kisha aturudishe. Tulipita mashamba ya migomba, tukaingia msituni penye matope yanayoteleza, na ukungu ulipozidi hata mtu wa mbele akawa haonekani, tuliamua wenyewe kugeuka. Hema halikuwapo, wala kisanduku cha huduma ya kwanza. Sehemu ya mwisho tuliishuka kwa tochi za simu.

Kama hiyo haitoshi, usiku tulidaiwa "nyongeza ya mafuta", na mtu wa wakala kule Moroni akatukokotolea yuro zetu kwa faranga 400 kila moja. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro kwa kiwango kisichobadilika, takribani faranga 492 kwa yuro moja, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba soko lilishuka siku ile.

Nilipomwandikia wakala, alijibu kwamba hali ya hewa ni kazi ya Mungu, na kwamba Karthala "mliuona". Ni kweli, tuliuona kutoka dirishani. Tangu siku hiyo tangazo lake limebadilishwa kimyakimya: maneno "kupanda hadi ukingo wa kasoko" yameondolewa na sasa inasomeka "kufurahia mandhari ya Karthala", lakini bei imebaki ile ile. Lile la awali ninalo, pamoja na risiti na ujumbe wake wote.

Tunachodai ni kurudishiwa gharama yote ya siku hiyo, pamoja na fedha za mafuta zilizotozwa kinyume cha makubaliano. Kama yupo mwenzetu aliyelipia pakeji hii na bado hajasafiri, ninamwomba amtake wakala amwandikie saa ya kuanza kupanda, mahali pa kuanzia, na kiasi cha maji kwa kila mtu. Waliokwisha kusafiri naye, tafadhali wekeni tarehe na risiti zenu hapa, ili madai yapelekwe kwa pamoja.