Ua linalonuka mzoga humpa nini nzi?

Mpenda Mimea
Ndugu zangu, nimezoea kusoma kwamba ua humpa mdudu nekta, naye mdudu hulibebea chavua, kila mmoja akapata haki yake. Hata hivyo, stapelia niliyoipanda kwenye chungu imechanua ua lenye rangi ya nyama iliyooza na harufu ya mzoga, na leo asubuhi nimekuta nzi wametaga mayai katikati yake. Je, nzi hawa wanapata faida yoyote, au wanadanganywa tu?

Mwalimu Mstaafu
Hao waliotaga wamedanganywa kwelikweli, nami nawahurumia. Harufu hiyo humwaminisha nzi jike kwamba amepata mzoga wa kulelea wanawe, lakini mabuu wakianguliwa hawakuti nyama, hufa kwa njaa. Wakati huohuo vifurushi vya chavua vimekwisha kunasa mwilini mwake, naye huvipeleka kwenye ua jingine. Mmea wa Sumatra uitwao kitaalamu Amorphophallus titanum hufanya vivyo hivyo kwa ukubwa wa kustaajabisha: shada lake laweza kufikia mita 3, tena hujipasha joto usiku ili uvundo usambae mbali. Maua yake ya kike huwa tayari kabla ya yale ya kiume kutoa chavua, kwa hiyo mdudu anayeufaa ni yule aliyetoka kwenye mmea mwingine.

Mfuatiliaji wa Nondo
Nakubaliana na Mwalimu, ila nisingependa maua yote ya ajabu yaitwe matapeli. Okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, hulipa kwa nekta halisi, lakini huificha chini kabisa ya mrija wenye urefu wa takriban sentimita 30. Charles Darwin alipouchunguza mrija huo alitabiri, mwaka 1862, kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903, miaka 21 baada ya Darwin kufariki.

Mpenda Mimea
Asanteni sana. Bado jambo moja linanisumbua: kwa nini mdudu aliyedanganywa mara moja hajifunzi?

Mwalimu Mstaafu
Hujifunza, na hapo ndipo ulipo ustadi wa okidi za Ophrys. Nyingi kati ya hizo hazina nekta; huiga harufu ya nyuki jike, na aghalabu huchanua wakati madume wamekwisha kutoka viotani huku majike wakiwa bado hawajatokea. Dume hulikumbatia ua akidhani amepata mwenzi, akaondoka na chavua mwilini. Akishatambua kosa lake, huikumbuka harufu ya ua lile na kuliepuka. Lakini kwa kuwa harufu hutofautiana kidogo kati ya mmea mmoja na mwingine, ua la mmea wa jirani humvuta tena kana kwamba ni jike mwingine, na chavua ya mmea wa kwanza ikafikishwa huko.