Niliondoka bila kumwamsha mjukuu, sasa hataki kunisikia

Mama wa Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu wote. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko hapa Katuba. Wiki tatu zilizopita nilirudi kutoka Ubelgiji, na kuna neno linaninyima usingizi. Mnivumilie kwa urefu: miaka 31 nilifundisha darasa la kwanza, na kule kila kitu husemwa mara mbili.

Binti yangu anaishi Liège tangu alipoolewa. Yeye nilikuwa sijamwona miaka sita, na mtoto wake nilimjua kwenye simu tu. Ana miaka mitano. Nilipata viza ya siku 90 baada ya mkwe wangu kwenda komine, ofisi ya serikali ya mtaa, kutia sahihi karatasi ya kukubali kunigharamia, na baada ya makaratasi mengine ambayo nikianza kuyataja mtasinzia. Nikafunga valizi mbili. Moja ya nguo, moja ya kapenta (dagaa wakavu), vitenge na unga wa bukari, yaani ugali. Binti alikuwa ameniambia nisibebe unga, unapatikana Brussels kule Matonge. Nikabeba tu.

Siku ya kwanza mtoto alisimama nyuma ya kiti, akanyoosha shingo kuelekea valizi, akasema kwa Kifaransa kwamba inanuka. Nikamwambia, utaila. Wiki ya pili alikuwa anazila kapenta kwa mkono, vichwa anavipanga pembeni ya sahani, vyote vinatazama upande mmoja.

Sasa sikilizeni. Liège kuna ngazi wanaiita Montagne de Bueren. Vidato 374, vimepanda moja kwa moja kama vile mtu ameegemeza ngazi kwenye mbingu. Kila Jumapili tulipitia soko la La Batte, lile la kando ya mto Meuse, tukanunua kuku wa kuchoma, kisha tukaenda kupanda. Yeye anahesabu kwa Kifaransa, mimi kwa Kiswahili, sauti moja. Mara ya kwanza magoti yangu yaligoma kwenye 112. Tulikaa pale pale tukala kuku. Jumapili iliyofuata 150. Akaanza kunichanganya makusudi, mara akasema thelathini na sita yeye, thelathini na saba mimi, halafu tunagombana. Siku moja tulipokaa kupumzika aliniuliza kama kwetu kuna milima. Nikamwambia uko mmoja, mweusi, haumei kitu, umetoka ndani ya tanuru la shaba, na kando yake limesimama bomba la moshi refu kuliko kanisa. Babu yake alifanya kazi chini ya bomba lile. Hakuamini. Akasema milima haitoki kwenye tanuru.

Jumapili ya mwisho tulifika 340. Zilibaki 34! Mvua ikaanza, mkwe akatuita kutoka chini. Mtoto akauliza, tutamaliza lini? Nikasema: Jumapili ijayo.

Jumapili ijayo ndiyo siku niliyoondoka. Tuliamka saa tisa usiku, maana tiketi ya bei ndogo ilinizungusha kwanza kabla ya kunifikisha Addis Ababa. Binti akasema, mama, usimwamshe, atalia, tutachelewa. Nilisimama mlangoni. Mguu mmoja ulikuwa nje ya blanketi. Sikuufunika kwa sababu usingizi wake ni mwepesi. Ngazi za nyumba yao ni za mbao, zinalia, kwa hiyo niliteremka na viatu mkononi. Mimi, mwalimu mzima, kama mtu aliyeiba.

Sasa nikipiga simu, binti anamwita, namsikia kwa mbali: "Nkambo hayuko." Nkambo ni mimi, bibi yake. Halafu mlango. Wanasema chumba nilicholala amekifunga na anakataa mtu yeyote asiingie.

Je, nilikosea kutomwamsha? Na nifanye nini sasa nikiwa huku?

---

Kivu Moja (Goma)

Mama, pole. Lakini usijitese. Mtoto wa miaka mitano anasahau. Sisi hapa tarehe 27/5/2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tulitangaziwa alfajiri tuhame. Nilibeba watoto, godoro moja na kartasi za nyumba, tukashika njia ya Sake. Mtoto wangu wa nne alilia paka wake njia nzima. Kufika mwezi wa saba alikuwa hata jina la yule paka hakumbuki. Binti yako alisema sawa, kuaga usiku kunaleta kilio bure.

---

Mwasi wa Kadutu (Bukavu, sasa Brussels)

Ndugu yangu wa Goma, paka si nkambo. Na paka hakuahidi kitu.

Mama, mimi nilikuwa na miaka sita mama yangu alipoanza kwenda Dubai kuleta bidhaa. Aliondoka usiku ili nisilie. Asubuhi shangazi akaniambia mama amekwenda sokoni, atarudi. Basi mimi nikaenda kumngojea. Kutoka nyumbani kwetu soko la Kadutu ni mwendo wa kuteremka tu, nikakaa kwenye mfuko mtupu wa muhogo karibu na wauza ndagala, nikawa natazama miguu ya watu. Mama alikuwa na sandali za kijani. Nilipatikana jioni na nikachapwa. Siku 19 mama hakurudi, na zile siku zote nilidhani yuko mule sokoni, kwamba ananiona na anajificha. Alipofika na mdoli wa nywele za njano nilimtupa mdoli kwenye mtaro.

Kilio ningekisahau. Kujificha sijakisahau na nina miaka 43.

Kwa hiyo ndiyo, ulikosea, naomba unisamehe kusema hivyo kwa mtu mzima. Ila ulikosea kidogo. Kubwa ni kumwambia.

---

Fundi Likasi

Swali dogo mama. Tiketi ulikuwa nayo tangu mwanzo, tarehe uliijua. "Jumapili ijayo" uliisema kwa nini?

---

Mama wa Katuba

Fundi, umenipata. Nimekaa na swali lako tangu jana.

Nilisema kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na yeye alinitazama, ndivyo tu. Darasani ningemwadhibu mtoto kwa uongo mdogo kuliko huo. Na kweli ni hii: sikuogopa alie yeye. Binti yangu niliagana naye kwenye uwanja wa ndege dakika mbili, gari limesimama mahali pasiporuhusiwa, tukasukumana kama watu wanaogombea taksi. Hapo nilijikaza. Kwa mtoto nisingejikaza.

---

Baba Mapacha (Charleroi)

Mama jambo. Mimi niko saa moja na kidogo kutoka Liège, na wazazi wangu wako Kamalondo, huko huko Lubumbashi, kwa hiyo mambo haya ya uwanja wa ndege nayajua kutoka upande wa pili, wa yule anayebaki na kurudi nyumbani na viti vitupu ndani ya gari. Niseme matatu manne.

Usimpigie simu ya video kwa sasa. Video ni ya watu wazima. Mtoto anaona uso wako mdogo kwenye kioo, anaambiwa "sema bonjour," na yeye anajua fika kuwa hayo si nkambo. Ana haki kusema hayuko, kwa kweli hauko! Mtumie sauti. Sauti anaweza kuisikiliza chumbani mwenyewe, mara kumi, bila mtu kumtazama usoni. Wangu walikuwa wanaficha simu ya mama yao chini ya mto.

Usimuulize kama anakupenda au kama amekukasirikia. Mwambie ulichofanya, kwa maneno machache, halafu mpe kazi. Ninyi mna vidato 34 havijahesabiwa.

Saa: sasa hivi Lubumbashi na Ubelgiji saa ni ile ile, itakuwa hivyo hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, halafu wao watarudi nyuma saa moja. Kwa hiyo saa mbili usiku kwenu, mtoto yuko kitandani. Ndiyo saa nzuri.

Na chumba, mwambie binti wasikifungue kwa nguvu.

---

Fundi Likasi

Baba Mapacha amesema. Mimi nilikuwa nauliza tu, mama, sikutaka kukuumiza. Halafu unga ulifika salama? Mimi wa kwangu ulipasuka ndani ya valizi, suti yangu ya harusi ikatoka nyeupe.

---

Mama wa Katuba

Unga ulifika. Niliufunga mifuko mitatu, hayo mambo tunayajua.

Narudi kuwapa habari. Jumanne saa mbili kamili nilikaa nje chini ya jakaranda, ndiyo kwanza imeanza maua, umeme ulikuwa umekatika na jirani hakuwasha jenereta, kwa hiyo kulikuwa kimya. Nikawasha kurekodi. Nikamwambia: ni Nkambo. Niliondoka ukiwa umelala. Nilijua ile Jumapili nitaondoka na nilikwambia tutapanda, nilidanganya. Nilifika mlangoni kwako, mguu wako ulikuwa nje. Basi, hapo sauti ilianza kuniharibikia, nikaingia kwenye hesabu haraka. Moja, mbili, tatu. Nilitaka kufika 340 nimwachie zilizobaki, lakini kwenye arobaini na kitu mbwa wa jirani wakaanza, nikazima. Nikatuma hivyo hivyo.

Jumatano hakuna kitu. Alhamisi hakuna kitu. Binti akasema ameisikiliza, amerudisha simu mezani, ameomba mkate.

Jana jioni imeingia sauti ya sekunde sita. Hakuna jambo, hakuna Nkambo. Kwa Kifaransa, kwa hasira kabisa: "Umeruka thelathini na saba."

Nimeisikiliza tena ile yangu. Ni kweli nimeiruka.

Leo saa mbili naanza upya kutoka moja. Mbwa nimeshaongea na mwenye nao.