Datsun 240Z ya Safari 1971: namba 11 nipake au nibandike stika?

Boneti_Nyeusi: Wakuu, bodi imemaliza fila (ya kujazia mashimo) na praima (rangi ya kwanza ya chini). Naitaka ifanane na ile ya Edgar Herrmann na Hans Schüller iliyoshinda mbio za magari za Safari Rally 1971: nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, namba 11. Fundi mmoja anapaka kila kitu kwa stensili (karatasi ya gundi iliyokatwa umbo la namba), mwingine anabandika stika. Nichague yupi?

Msasa800: Umeficha mambo ya msingi. Gari la maonyesho au litakimbia? Nyekundu ina klia juu, yaani koti la mwisho lisilo na rangi, la kung'arisha? Stika za aina gani?

Boneti_Nyeusi: Litakimbia kwenye murram. Nyekundu ina klia. Stika sijauliza.

FundiKingo: Klia ndiyo inayoharibu. Rangi za enzi zile zilikuwa za tabaka moja, klia inaleta mng'ao wa gari la leo. Piga 2K (rangi inayochanganywa na kigumisho) ya tabaka moja, makoti matatu, usugue kwa msasa wa 2000 kisha upolishi kidogo.

Zama71: Namuunga mkono. Na kwa namba, usichague herufi za kompyuta. Tafuta picha ya ubavuni iliyopigwa kutoka mbali, chukua kipimo cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, milimita 2,305, ukuze picha hadi kilingane, ndipo uchore namba juu yake. Picha ya karibu inapinda vipimo.

Msasa800: Kuhusu stika, sikiliza kisa hiki. Gari lilibandikwa siku tatu tu baada ya rangi. Thina iliyobaki ndani iliendelea kutoka, mapovu yakajaa mlangoni. Stika ilikuwa ile ya bei ndogo, nene, inayosinyaa juani: kingo zikarudi nyuma, gundi ikabaki wazi na kunasa vumbi, ukawa mstari mweusi kuzunguka namba. Walipoibandua kwa moto wa hita, rangi ikatoka nayo hadi praima, kwa sababu praima haikusuguliwa kabla. Mlango mzima ukarudi kwenye msasa. Ukibandika, nunua ile nyembamba ya mikroni 50 hivi, isiyosinyaa, na usubiri wiki tatu au nne.

FundiKingo: Ndiyo maana napenda stensili. Sugua kwa msasa wa 800, bandika stensili, pulizia kwanza koti jepesi la nyekundu ileile ili lizibe kingo, kisha nyeusi makoti mawili mepesi. Ng'oa stensili rangi ikiwa bado laini, ukiikunja nyuma kabisa. Ukisubiri ikauke, kingo zinavunjika.

Murram_Mtupu: Lakini anakimbia! Waandaaji wa rali watampa namba nyingine. Akipaka 11, ataifunika na nini?

FundiKingo: Apake majina, abandike namba tu.

Zama71: Hapo sikubali, namba ndiyo roho ya gari. Halafu boneti: nyeusi ile ilikuwa ya kuzuia mwanga wa jua usimpige dereva machoni. Ikoroge vizuri na uimalize kwa mkupuo mmoja, vinginevyo michirizi inaonekana, na rangi isiyong'aa haipolishiwi.

Murram_Mtupu: Kwani anataka lifanane na lilivyokuwa mwanzo wa rali au mwisho, likiwa limechakaa? Lile lenyewe Nissan, watengenezaji wa Datsun, wanalo Japani.

Zama71: La mwanzo, safi.

Murram_Mtupu: Mimi ningeacha makovu ya mawe.

Boneti_Nyeusi: Klia imeshapigwa milangoni. Nikiisugua kwa 800 nipake tabaka moja juu yake, itashika, au nirudi hadi praima?