Kwilti ya vitenge inavimba katikati, na sitaki kuchora kwanza

Mwana_Pangani:
Habarini wapendwa. Nashona nguo za watoto nyumbani, na gunia la mabaki ya vitenge limejaa hadi mdomoni. Nimeanza kuyaunganisha yawe kwilti, yaani kitambaa kikubwa cha viraka vilivyoshonwa pamoja, bila kuchora wala kupima: nachukua kipande chekundu, natafuta kinachoelewana nacho, nashona, nakata, naongeza. Nataka itundikwe sebuleni, ukubwa kama wa khanga. Rangi zinanifurahisha mno. Ila nikiitandaza mezani katikati inavimba kama chapati, na ukingo wa kushoto unapiga mawimbi. Fundi jirani anasema nichore kwenye karatasi kwanza, nikate vyote sawasawa. Sitaki! Je, mtu anaweza kushona kwa jicho na kazi bado ikatulia?

BiZuhura:
Mwanangu, usichore. Kushona kwa jicho ni ufundi kamili. Wanawake wa Gee's Bend, kule Alabama, Marekani, wameshona hivyo mama kwa binti: jinzi za shamba zilizochakaa, magunia, magauni ya zamani. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alizichukua nguo za kazi za marehemu akazishona kuwa blanketi, ajifunike na kumkumbuka. Mwaka 2002 kwilti za kijiji hicho zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa Houston, kisha kwenye jumba la Whitney, New York. Tafuta picha za kwilti hizo. Utaona miraba ndani ya miraba, mistari inapinda, na uzuri uko hapohapo penye kupinda.

Sasa tuje kwako. Una matatizo mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Pakivimba katikati, ukingo ni mfupi kuliko tumbo. Pakipiga mawimbi, ukingo umerefuka.

Palipovimba, tandaza kazi mezani, shika mkasi, pasua kutoka ukingoni kuelekea katikati mpaka vimbe lilale lenyewe. Ufa utafunguka: mpana ukingoni, mwembamba ndani. Weka kipande kipya chini ya ufa, kunja kingo zake mbili kwa ndani, bana kwa pini, pitisha mshono juu. Chagua rangi inayopiga kelele. Mimi nyufa hizo ndizo ninazozipenda kuliko kazi yote, maana hakuna ambaye angezipanga.

Penye mawimbi, bana kitambaa kilichozidi, kata palepale kwenye mkunjo, unganisha upya. Basi.

Chanzo mara nyingi ni kipande kilichokatwa mshazari. Kinavutika ukikigusa tu, kwa hiyo mikono isivute, cherehani lijipeleke lenyewe. Na pasi ibonyeze, isiburuzwe. Ukitaka kuongeza utepe mrefu pembeni, pima kazi kwa kupitia katikati, ukate utepe kwa urefu huo. Wengi wanashona huku wanafungua jora mpaka wafike mwisho, na mawimbi yanazaliwa hapo.

fundi_wa_Ngamiani:
Naunga mkono. Nyongeza tu: vitenge vifuliwe kabla, wanga utoke na vinywee mapema. Vyekundu na vya nili, visugue kwa kitambaa cheupe kibichi. Kitenge kikiacha rangi, kifue tena kabla hujakiweka karibu na cheupe. Na vile vya poliesta vinavyoteleza, dada, viweke pembeni. Pasi yenye joto la kupigia pamba inavikunja.

Mwana_Pangani:
Shikamoo Bi Zuhura. Nimepasua kwa mkono unaotetemeka, nikapachika njano. Imelala! Sasa nina khanga ya marehemu bibi, imechanika ila jina lote linasomeka. Niiingizeje? Na ndani, kati ya uso na mgongo wa kwilti, niweke nini? Pamba ile ya kujazia kwilti huku siioni.

BiZuhura:
Marahaba mwanangu. Jina usilikate vipande vipande. Likate utepe mmoja mzima, lipite kazi yote upande hadi upande, na upande wa chini ubandike kitambaa chepesi cha pamba, khanga kongwe haina nguvu ya kubeba mshono. Ya ndani, blanketi jepesi lililochakaa linatosha kabisa, ukutani hakuna anayehitaji joto. Nyuma weka shuka. Shona tabaka zote tatu ukianzia katikati kwenda nje, la sivyo utalikusanya vimbe upya. Kisha juu kwa nyuma shona mfuko mrefu, wazi pande mbili, upitishe fimbo ya kutundikia. Usigongee misumari kwenye kitambaa cha bibi.