Naomba ushauri: MRI ya mapema baada ya mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi

Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo. Dada yangu alimaliza matibabu wiki 6 zilizopita: mionzi ya nje mara 25, dawa ya saratani ya sisplatini kila wiki, kisha mionzi ya ndani. MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku) ya juzi inaonyesha kwamba uvimbe wa saratani umepungua kutoka sentimita 5 hadi 1.5, lakini taarifa inasema limebaki eneo lenye mng'ao ambalo haliwezi kubainishwa kama ni saratani iliyosalia au ni athari ya mionzi yenyewe.

Ninavyoelewa, mionzi huacha maji na uvimbe katika tishu, na katika wiki za mwanzo hali hiyo huweza kufanana sana na saratani kwenye picha, ilhali kovu lililokomaa huonekana jeusi. Ndiyo maana wengi hupendelea kupima baada ya miezi 3 hivi. Hoja hiyo naikubali. Hata hivyo dada halali usiku, na kila siku ya kusubiri inamuumiza.

Daktari mmoja anataka kukata kipande kidogo cha nyama ya eneo hilo kikapimwe sasa hivi, nami nahofia kwa sababu tishu iliyopigwa mionzi hupona kwa shida. Je, ni busara kuomba kwanza picha ya MRI inayopima mtawanyiko wa maji kwenye tishu, ambayo husaidia kuonyesha mahali seli zilikosongamana, au tusubiri? Na kwa mliopitia hali hii, picha ya pili ilisomekaje ikilinganishwa na ya kwanza?