Tupeane uzoefu: mwenye jengo kukataa bango la mpangaji

Wakuu, habari zenu. Nimepanga ofisi ghorofa ya pili kwenye jengo la biashara. Mwenye jengo amekataa bango langu, anasema ukuta wa nje ni wake. Mkataba unasema tu "kwa idhini ya maandishi". Yaliyowakuta nyie yaliishaje?

Dada wa saluni: Msimamizi aliniruhusu kwa mdomo. Jengo likauzwa, mmiliki mpya akaniletea barua nishushe. Mkataba ulimbana hata yeye, lakini ile ruhusa ya mdomo ningeithibitisha kwa kitu gani? Nikashusha.

Fundi mabango: Leo nawatetea wenye majengo. Nimeshusha mabango ya taa ambayo nyuma yake matundu ya bolti yalikuwa wazi, mvua imeingia mpaka plasta imevimba. Halafu pale bango lilipokuwa, rangi bado mpya, kandokando imepauka. Hata ukiziba, alama haifutiki. Hiyo mara nyingi inakatwa kwenye amana ya mpangaji. Usiombe idhini mikono mitupu. Peleka mchoro: vipimo, uzito, bolti zinaingia wapi, umeme unatoka wapi. Akikataa, mwambie aandike sababu.

Muuza miwani: Nilidhani nimemzidi akili, nikabandika stika kwa ndani ya kioo. Kumbe mkataba wangu unakataza "tangazo lolote linaloonekana kutoka nje". Someni hayo maneno vizuri jamani.

Wakili mstaafu: Swali la kwanza ni mpaka wa ulichokodi. Uingereza, kesi ya Hope Brothers na Cowan ya 1913, mahakama ilisema aliyekodi ofisi za ghorofani amekodi na ukuta wake wa nje, mradi mkataba haujasema vinginevyo. Ndiyo maana siku hizi mikataba mingi inasema waziwazi kwamba ukuta wa nje si sehemu ya ulichokodi. Na kibali cha mamlaka ya mji hakichukui nafasi ya idhini ya mwenye jengo. Unahitaji vyote viwili.

Muuza miwani: Kwa hiyo waliosaini bila kusoma ramani ya mipaka iliyoambatishwa kwenye mkataba tumekwisha 😂

Mleta mada: Nimeangalia ramani ya kiambatisho sasa hivi. Mstari wa mpaka wangu umeishia upande wa ndani wa ukuta, kwa hiyo hapo sina ubishi. Nitaomba jina langu liwe kwenye ubao wa wapangaji pale mapokezi, na kibao cha mshale kwenye ngazi, vyote kwa barua. Fundi, nakutumia vipimo unichoree.