Muvi ya kung fu ya Kichina unaipimaje kama stori ni ileile kila siku?

mzee_wa_shaolin:
Wakuu habari. Nimeanza kuandika rivyu za muvi za ngumi za Kichina, sasa kila nikiandika watu wananijia na hoja moja tu, eti stori mbovu. Na kweli nyingi ni zilezile, mwalimu kauawa, mwanafunzi kaingia mazoezini, karudi kulipa kisasi, adui kalala, picha limeisha. Nikipima kwa stori tu basi The 36th Chamber of Shaolin ya 1978 nitaipa maksi sawa na takataka yoyote ya miaka ile, wakati hata asiyejua kitu anaona hazifanani. Nyie mnaangalia nini hasa? Na zile nyaya za kumrusha mtu hewani, tunakata maksi au tunaacha?

Kichwangumu:
Mkuu mimi cha kwanza naangalia kamera inanificha nini. Hesabu mapigo yanapita mangapi kabla picha haijakatwa. Jackie Chan wa miaka ya 80 kamera inakaa mbali, unamwona kuanzia kichwani mpaka viatuni, na wanaomvamia wote wamo humohumo, teke linatoka hapa linafika pale na aliyepigwa anadondoka bila picha kukatwa. Siku hizi ngumi ikirushwa tu chap wamekata, unaona sura ya mtu inageuka, nani kampiga hujui. Hapo mara nyingi steringi mwenyewe hajui kupigana.
Kaangalie mwisho wa Police Story, 1985, pale kwenye jengo la maduka. Jackie anarukia nguzo ndefu imezungushiwa taa, anateremka nayo taa zinalipuka njia nzima mpaka anapasua kibanda cha vioo huko chini, halafu wanakurudishia tukio lilelile kwa kamera nyingine na nyingine tena. Dairekta ni yeye mwenyewe na anataka uhakikishe kwamba ni yeye kweli. Mikono iliungua.
Ila msiwafanye wa zamani malaika, nao walikuwa na kamchezo kao. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, wao wanarekodi pungufu kidogo, mfano 22, ukiicheza kawaida mikono inaonekana ina kasi kubwa. Wakiifanya kwa kipimo huigundui, wakizidisha watu wanakimbia kama kuku.

dada_wushu:
Kamera sawa, lakini kaka hapo juu umeacha kitu kikubwa. Kwenye hizi muvi pigano ndio stori, we unasubiri waongee ndio uielewe, utasubiri sana. Chukua Ip Man ya 2008. Mwanzoni yule mbabe Jin anamfuata Ip Man nyumbani kwake Foshan, Donnie Yen anayemcheza Ip Man anapigana kwa adabu zote, anakwepa tu, vitu vya nyumba vinavunjika, mpaka mtoto anaingia na kibaiskeli chake kumwambia baba, mama kasema usipoanza kujibu mapigo vitu vyote vitaisha. Baadaye jamaa anaishia kumchapa Jin kwa ufagio wa manyoya wa kufutia vumbi. Kichekesho kabisa. Halafu vita ya Wajapani inakuja, njaa, mwenzake anauawa mbele ya macho yake, anaomba wapiganaji kumi wa Kijapani kwa mpigo. Mtu yuleyule, mtindo uleule wa Wing Chun, lakini sasa anavunja mikono na miguu na anaendelea kumpiga aliyeshalala chini. Hakuna aliyekuambia kwamba huyu mtu kabadilika, umeona kwa macho. Aliyepanga mapigano yale ni Sammo Hung, na kwenye rivyu mpangaji wa mapigano atajwe jina lake kabla hata ya dairekta, wengi mnamsahau.
Na hiyo 36th Chamber uliyoitaja, adui hana maana yoyote pale. Stori ni steringi Gordon Liu kubeba ndoo za maji mikono imenyooka, visu vimefungwa mikononi, akishusha anajichoma mwenyewe.

Bila_Nyaya:
Nyaya kata maksi zote. Mtu anatembea juu ya mianzi tunaambiwa kung fu. Hapana.

dada_wushu:
@Bila_Nyaya haya, Drunken Master ya 1978 dairekta ni Yuen Woo-ping. Fist of Legend ya 1994, ile Jet Li anapigana na yule mzee wa Kijapani wamefungwa vitambaa machoni wote wawili, kapanga yeye. Na Crouching Tiger, Hidden Dragon ya 2000 yenye hiyo mianzi yako, kapanga yeye yule. Ina maana alisahau kazi? Ile ni hadithi ya mashujaa wa panga, kupaa ni sheria ya dunia yao toka muvi inaanza, na wakipaa unaona nani anamkimbia nani na kwa nini. Kosa ni muvi inayojifanya ngumi za kweli mtaani, halafu teke moja mtu anaruka mita kumi.

Bila_Nyaya:
Hiyo ya mita kumi nakubali. Mianzi bado sitaki.

mzee_wa_shaolin:
Nimepata mwanga. Swali la mwisho, hizi za mabingwa wa kung fu waliokuwepo kweli, kina Ip Man na Wong Fei-hung, uongo wa historia nao tunaupima?

Kichwangumu:
Utaje, usiukatie maksi. Lile pambano la mwisho wa Ip Man na jenerali wa Kijapani ni la kutungwa, Ip Man halisi alihamia Hong Kong akafundisha, Bruce Lee akiwa mmoja wa wanafunzi. Wong Fei-hung ndio usiseme, Jackie kwenye Drunken Master kamcheza kijana mtukutu hasikii la mtu, Jet Li kwenye Once Upon a Time in China ya 1991 kamcheza daktari mstaarabu na mwamvuli wake, na zote mbili kali. Anza na hiyo ya 1991, lile pigano la ngazi mwishoni peke yake linatosha rivyu nzima. Ukimaliza tutag.